Barua ya wazi kwa mpwa wangu anayetaka kuchambua mieleka

Mpwa wangu mpendwa,

Salamu nyingi. Nimesoma uchambuzi wako wa WrestleMania III, lile tamasha kubwa la mieleka la Marekani la mwaka 1987, wote, mpaka mstari wa mwisho. Umeorodhesha kila kitu: huyu kampiga kiwiko, yule katupwa kambani, huyu karuka, yule kadakwa. Kisha ukaweka nyota za kupima ubora. Msomaji akimaliza anajua yaliyofanyika ulingoni, lakini hajui kwa nini uwanja mzima ulisimama. Kazi ya mchambuzi iko hapo, na ndiyo maana nakuandikia.

Tuanze na kengele. Novemba 1986 Randy Savage alimponda Ricky Steamboat koo kwa kengele ya pembeni mwa ulingo. Tarehe 29 Machi 1987, kule Pontiac, Michigan, wakakutana kugombea mkanda wa ubingwa wa Savage. Pambano lilichukua dakika 14 na nusu hivi, na wewe umelisifu kwa kasi yake. Kasi ilikuwepo, sawa. Lakini tazama mwisho wake. Mwamuzi yuko chini. Savage anaruka kutoka juu ya kona, anamtua mwenzake kwa kiwiko, mabega ya Steamboat yako chini, na hakuna wa kuhesabu hadi tatu ampe ushindi. Anaiendea kengele. George Steele, aliye upande wa Steamboat, anamnyang'anya. Savage anaichukua tena na kupanda nayo kona, Steele anamsukuma mpaka chini. Savage anainuka, anambeba Steamboat ili ambwage, Steamboat anamkunja kama mkeka, moja, mbili, tatu. Silaha iliyoanzisha ugomvi ndiyo iliyomponza mwenyewe. Uchambuzi wa pambano hili usiotaja kengele umeacha moyo wake nje. Tena Steamboat amesimulia mara nyingi kwamba Savage alitaka kila hatua ipangwe mapema na kukaririwa. Ukilirudia ukijua hivyo, utaona jinsi hakuna hatua inayopotea bure.

Siku hiyohiyo Hulk Hogan alipambana na Andre the Giant, nawe umelipa pambano lao alama za chini kwa sababu "hatua ni chache". Ni chache kweli. Andre alikuwa amefanyiwa upasuaji wa mgongo na alivaa mkanda wa kuushikilia chini ya vazi lake. Mtu wa namna hiyo hawezi kukimbizwa. Kwa hiyo wakajenga dakika 12 juu ya swali moja: je, Hogan anaweza kumwinua? Mwanzoni kabisa anajaribu, mgongo unamsaliti, Andre anamwangukia na kukaribia kushinda palepale. Kisha kunakuja kumbatio refu la kumkamua pumzi, ambalo kwenye kochi linachosha, ila watu waliokuwa mle ndani walikuwa wanahesabu kila mkono wa Hogan unavyolegea. Swali linajibiwa mwishoni anapomwinua na kumbwaga. Kila pambano lipime kwa lile lililokusudia kufanya. Ukimdai Andre mambo ya Steamboat, umekosea wewe, hajakosea yeye.

Na uchunge matangazo usiyageuze historia. Andre alinadiwa kama mtu asiyewahi kushindwa wala kubwagwa. Hogan huyohuyo alishambwaga katika uwanja wa Shea, New York, Agosti 1980. Vivyo hivyo watazamaji 93,173 wa Pontiac: andika "idadi iliyotangazwa", kwa kuwa imebishaniwa miaka nenda miaka rudi.

Sasa namna ya kutazama. Mara ya kwanza usishike kalamu. Tazama kama mtu aliyelipa kiingilio, ujue wapi ulishtuka na wapi ulitazama saa. Mara ya pili andika muda pembeni: wamegusana lini kwa mara ya kwanza, adui kaushika mchezo dakika ya ngapi na kwa hila gani, stelingi kaanza kufufuka lini, na ni jaribio la ngapi la kubana mabega lililowafanya watu wapige ukelele. Mara ya tatu zima sauti. Watangazaji wana kazi ya kukuuzia pambano, na wanaifanya vizuri. Bila wao utaona macho, miguu, na nani anamsubiri nani. Ukiona mtu amesimama kifua wazi akingoja kurukiwa sekunde nne tano bila sababu, hilo ni doa, liandike. Aliyepangilia vizuri angempa la kufanya: apepesuke, ageuke, abishane na mwamuzi.

Mtu atakuambia mieleka ni ya kuigiza, ya nini kuichambua. Matokeo hupangwa, ndiyo. Kuanguka hakupangiki kwa maneno. Chini ya turubai kuna tabaka jembamba la sponji, chini yake mbao, chini yake vyuma. Anayeanguka chali hukunja kidevu kifuani ili kisogo kisigonge, hutua kwa sehemu ya juu ya mgongo, hupiga turubai kwa mikono yote miwili iliyonyooka kando, viganja chini, na kutoa pumzi. Kosa la kawaida la mwanafunzi ni kutanguliza mkono nyuma ajizuie. Hapo kifundo au kiwiko ndicho kinachobeba mwili mzima, na huweza kuvunjika. Ulingo wenyewe haufanani kila mahali. Wa WWE, kampuni kubwa ya mieleka ya Marekani, una futi 20 kila upande, karibu mita 6, wengine wengi hutumia wa futi 18. Kamba za WWE ni kamba halisi zilizozungushiwa utepe. Kwingine ni waya wa chuma ndani ya mpira, mgumu zaidi, na mtu aliyeuzoea mmoja akihamia mwingine huteleza anaporuka kutoka juu. Jua hayo kabla hujamwita mtu mzembe.

Kuhusu makosa, kuwa na adabu. Hatua ikiharibika, angalia kinachofuata. Wakiirudia ileile papo hapo kana kwamba hakuna kilichotokea, watazamaji hukumbushwa kwamba ilipangwa, na hilo ni kosa kubwa kuliko lile la kwanza. Wazoefu huligeuza: aliyeteleza anashika goti, mwenzake analivamia goti hilo, na kosa linakuwa hadithi. Mwamuzi naye mwangalie. Huwa anapitisha ujumbe wa muda uliobaki, na akiinama kumshika mkono aliyelala anaweza kuwa anauliza kama yuko salama. Akivusha mikono juu ya kichwa kuwa alama ya X, hiyo hutumika kuita msaada kwa jeraha la kweli, ingawa wameshaitumia katika maigizo pia. Kwa hiyo usitangaze kuwa mtu amevunjika. Andika ulichoona.

Maumivu ndiyo kipimo ninachokiamini kuliko vyote. Kama mguu umepigwa dakika kumi, je, dakika ya kumi na tano mtu huyo anakimbia kama swala? Agosti 22, 2015, Brooklyn, Bayley alipambana na Sasha Banks akiwa na mkono uliojeruhiwa. Banks amemkaba, Bayley ananyoosha mkono huo aifikie kamba, na Banks anaukanyaga. Sekunde mbili tu. Hakuna kuruka, hakuna meza kuvunjwa, lakini kila aliyekuwepo alijua ni kwa nini mkono ule na si mwingine. Ukiniuliza ni kitu gani cha kutafuta katika kila onyesho, ni tukio la namna hiyo.

Pambano ninalotaka ulikae nalo muda mrefu ni la Bret Hart na Steve Austin, WrestleMania 13, Machi 23, 1997, Rosemont karibu na Chicago. Sharti lilikuwa ushindi wa kukiri kushindwa tu, na mwamuzi ni Ken Shamrock, mpiganaji wa kweli aliyeaminika angeweza kuwatenganisha. Hart ndiye stelingi wa miaka mingi, Austin ndiye adui. Waandishi wengi huandika "wakabadilishana nafasi" na kuendelea. Wewe onyesha ilifanyikaje. Hart analishughulikia goti la Austin bila huruma, mpaka anaukunja mguu wake kuzunguka nguzo ya kona. Mnyanyasaji ni nani hapo? Austin anatokwa damu, anamkaba Hart kwa waya, anakaribia kushinda, anapigwa kwa kengele, kisha anawekwa kwenye Sharpshooter, mshiko wa Hart wa kumpinda mtu miguu na mgongo akiwa kifudifudi. Damu inamtiririka usoni, anajisukuma juu mpaka karibu autegue mshiko, anashindwa, anazimia. Hakusema neno la kukubali. Shamrock akalimaliza pambano, lakini Hart akarudi kumpiga mtu aliyezimia, na Shamrock ikabidi amwondoe. Austin akakataa kusaidiwa, akaondoka kwa miguu yake. Hapo Hart alishinda pambano na kupoteza watu. Hakuna hotuba iliyohitajika. Kila kipande kina kazi: sharti lile limewekwa ili Austin apoteze bila kukubali, na Shamrock kawekwa ili Hart awe na wa kumwaibisha. Ukiweza kueleza sababu ya sharti na sababu ya mwamuzi, umefika.

Ukitoka Marekani, badilisha vipimo. Marekani mwanamieleka aliye nje ya ulingo kwa kawaida huhesabiwa hadi 10. New Japan, kampuni ya Japani, huhesabu hadi 20, hivyo wakikaa nje muda mrefu usiandike kwamba mwamuzi amesinzia. Mexico mapambano mengi ya jadi ni ya kushinda mara mbili kati ya tatu, kwa hiyo ushindi wa kwanza ukija mapema si upungufu. Hata upande wa kushambulia hutofautiana: wa Mexico wamezoea kushika mkono wa kulia, wengine wa kushoto, na wageni wakikutana utaona kusitasita kidogo mwanzoni. Na kinyago wanachovaa usoni wanamieleka wa kule si pambo. Anayekipoteza ulingoni huwa amepoteza zaidi ya mkanda.

Kwa Japani ya zamani, tafuta Mitsuharu Misawa na Toshiaki Kawada, Juni 3, 1994, Budokan, Tokyo. Karibu dakika 36. Usilitazame ukiwa na usingizi, na usianze nalo bila kujua kwamba Kawada alikuwa akimkimbiza Misawa kwa miaka na hamfikii. Kila teke la usoni lina deni nyuma yake. Tatizo lililofuata, na sisi mashabiki tulilichochea, ni kwamba pigo la hatari likipokewa na mtu akainuka, safari ijayo lazima liongezwe. Hivyo ndivyo shingo zilivyokuja kulipa.

Jambo hilo linatuleta kwenye nyota. Dave Meltzer, mwandishi wa Marekani wa habari za mieleka, ndiye aliyezieneza kupitia jarida lake, na kwa miaka mingi tano zilikuwa kileleni. Januari 4, 2017, Kazuchika Okada na Kenny Omega walipambana zaidi ya dakika 46 Tokyo Dome, naye akawapa sita. Juni 2018 huko Osaka akawapa saba. Mapambano yenyewe ni makubwa, sibishi hilo. Ila kipimo kinachopanda namna hiyo ni rai ya mtu mmoja, na ukiandika nyota zake mahali pa rai yako umeazima macho yake. Weka nyota zako mwishoni, baada ya sababu, au usiweke kabisa.

Shoo za siku hizi zina shida yake: urefu. WrestleMania 35, Aprili 7, 2019, pamoja na utangulizi ilivuka saa saba, na pambano la mwisho la Becky Lynch, Ronda Rousey na Charlotte Flair lilimalizika usiku wa manane umepita. Watu walikuwa hoi. Kisha hesabu ya mwisho ikaja bega la Rousey likionekana kuinuka. Ukimya wa uwanja usiku ule uandike, lakini mlaumu aliyepanga ratiba kabla ya waliopambana. Mwaka uliofuata tamasha likagawanywa siku mbili, na limebaki hivyo. Daima taja pambano lilikuwa la ngapi usiku huo na lilifuata nini, maana pambano zuri likija nyuma ya lingine lililowamaliza watu sauti huonekana baridi. Kwa maonyesho yaliyorekodiwa usiiamini kelele, huweza kuongezwa baadaye. Na yale ya 2020, bila watu ukumbini, yatazame kivyake kabisa: huko utasikia pumzi, utasikia wakiongea, na utajua nani alikuwa anabebwa na mashabiki siku zote.

Sasa rudi Pontiac. Andika upya Savage na Steamboat kwa maneno 400, na Hogan na Andre kwa mengine 400. Katika la kwanza nionyeshe kila Steamboat anapoguswa koo, na dakika yake. Katika la pili nihesabie majaribio ya kumwinua Andre. Nyota ziache. Nitumie ukimaliza, nitalipitia neno kwa neno.

Ni mimi mjomba wako.