Tiketi mbili, ndege ile ile

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwatahadharishe wasafiri wanaokata tiketi mbili tofauti, ya kwenda na ya kurudi, wakitegemea kwamba ndege itakayowashusha ndiyo itakayowarudisha baada ya dakika 30 au 45.

Hoja yao si ya kipuuzi, kwani ndege ikichelewa kufika itachelewa pia kuondoka. Hata hivyo, shirika linaweza kuleta ndege nyingine wakati wowote, na hapo safari ya kurudi huondoka kwa saa yake ilhali abiria bado yuko angani. Kwa kuwa kila tiketi ni mkataba unaojitegemea, kwa kawaida shirika halilazimiki kumpangia safari nyingine, hata kama tiketi zote mbili ni zake.

Mwenye begi la kupakiwa asijaribu kabisa, maana atakuwa akilisubiri kwenye mkanda wa mizigo huku kaunta ya kupokelea mizigo, ambayo mara nyingi hufungwa dakika 40 hadi 60 kabla ya safari, imekwisha kufungwa. Anayetoka nchi nyingine ana foleni ya uhamiaji juu ya hayo.

Mimi nilifanikiwa mara moja, nikiwa na mkoba wa mgongoni tu na kadi ya kupandia ndege kwenye simu; sijathubutu tena.

Wako,
Msafiri wa mara kwa mara