Rangi isitumike kumhukumu nyoka mla fuko

Mhariri,

Wakati wa kuvuna viazi mviringo kule Uporoto, Makete na Njombe, jembe likifumua tuta na nyoka mdogo mwenye mabaka akichomoza, sauti inayosikika ni moja: kifutu! Anapigwa palepale. Naomba wakulima wajue kwamba aliyeuawa anaweza kuwa mtoto wa nyoka mla fuko, adui mkubwa wa fuko wanaotafuna viazi vyetu chini ya ardhi.

Kinachoponza ni rangi. Nyoka huyu huzaa watoto hai, mara nyingi 25 hadi 50 kwa uzao mmoja. Mtoto huwa kahawia hafifu, ana mstari mweusi uliopindapinda mgongoni na vidoa vyeupe ubavuni. Mabaka hayo humficha majanini anapowinda mijusi. Kadiri anavyokua na kujivua gamba, alama hufifia, hadi akikomaa abaki na rangi moja tu, kahawia, kijivu au nyeusi. Ukiwaweka mama na mwanawe pamoja, utaapa ni nyoka wa aina mbili. Hata nyoka wa mahindi anayefugwa sana Marekani hutoka kwenye yai akiwa amepooza rangi, na wekundu na manjano hukolea baadaye.

Kifutu habadiliki namna hiyo. Huzaliwa na alama zake za V mgongoni, na sumu anayo tangu siku ya kwanza. Kwa hiyo udogo wa nyoka si kinga.

Tazameni umbo, mkiwa mbali naye. Kifutu ni mnene na mfupi, kichwa kipana, shingo imebanwa. Mla fuko ana kichwa chembamba kinachoungana na shingo bila kukatika, na pua iliyochongoka. Lakini kichwa peke yake hakitoshi, maana nyoka wengi wasio na sumu hukitanua wakitishwa. Angalieni na mwendo: kifutu asiyeshtuliwa husogea amenyooka kama kiwavi, wakati mla fuko hujipinda kushoto na kulia. Na nyoka yeyote anayekaribia kujivua gamba hupauka ngozi, macho yakaingia ukungu wa bluu, hivyo rangi ya siku hizo haina ushahidi wowote.

Mla fuko hana sumu, ila akishikwa huchana nyama vibaya. Asiguswe. Mwenye shaka arudi nyuma, amwache apite. Aliyeumwa na nyoka asiyejulikana asichanjwe wala kufungwa kamba ya kubana. Avuliwe pete na viatu, kiungo kilichoumwa kitulizwe, apelekwe hospitali haraka.

Ombi langu kwa gazeti lako na kwa mabwana shamba: mnapotoa picha ya nyoka, wekeni ya mtoto kando ya ile ya mkubwa.

Msomaji,
Uyole, Mbeya