Stroberi za minara: tuletee maji kabla hujanunua mabomba

Tunajenga minara ya stroberi, yaani mabomba yaliyosimamishwa wima na kutobolewa matundu ya miche, ambamo pampu huzungusha maji yenye mbolea kutoka tangini. Wateja wengi wa huku Arumeru hutupigia simu wakiwa wameshanunua mabomba ya inchi 4, pampu na hata miche. Kilichobaki, wanasema, ni fundi wa kutoboa na kusimamisha. Nasi tunawauliza swali linaloudhi: maji yako yanatoka wapi?

Maji ya visima na chemchemi nyingi zinazouzunguka Mlima Meru yamepita kwenye miamba ya volkano, yakabeba floraidi na magadi. Floraidi inajulikana na kila mtu kwa sababu ya meno ya kahawia, lakini kwa stroberi mkorofi mkubwa ni magadi. Stroberi hutaka maji yenye uchachu kidogo, pH (kipimo cha uchachu; namba ikipanda uchachu unapungua) ya 5.5 hadi 6.2. Magadi huipandisha hadi 8 na kuendelea, na hapo mizizi hushindwa kufyonza madini ya chuma hata kama yamo tele. Majani machanga hugeuka manjano huku mishipa yake ikibaki kijani. Mkulima hudhani mmea una njaa, anaongeza mbolea, kumbe anazidisha chumvi. Haupiti muda, kingo za majani zinaungua.

Kwenye udongo, mvua huisukuma chumvi chini. Kwenye mnara haina pa kwenda: maji yakishuka hurudi tangini, mmea unakunywa maji na kuiacha nyingi ya sodiamu, ile chumvi iliyomo kwenye magadi, nawe unajazia mengine yenye sodiamu ileile. Asidi tunaitumia, na hushusha pH vizuri, ila sodiamu haiigusi. Ndiyo maana hatumsikilizi anayetuambia “nitaweka dawa tu.”

Njia tunayoipenda ni bati, yaani kuvuna maji ya mvua kwenye paa. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1, kwa hiyo paa la mita za mraba 60 likinyeshewa milimita 20 hukupa lita 1,200, ukitoa kidogo kinachopotea. Mche unaozaa hunywa kama robo lita siku ya jua. Miche 200 ni lita 50 kwa siku. Simtanki ya lita 5,000 ikijaa inakuvusha miezi mitatu na ushee. Kama kisima chako si kibaya sana, tunachanganya na maji ya mvua, nayo yanafika mbali zaidi.

Mnara wenyewe si kazi ngumu. Hatujengi mrefu kupita mkono wa mama au kijana atakayechuma, ingawa wapo wanaotaka mita tatu ili majirani waone. Miche ya chini hukosa jua, na ya juu itahitaji ngazi kila asubuhi. Ndani tunajaza kokopiti, yaani unga wa makumbi ya nazi unaoshika maji, kwa sababu umeme ukikatika mchana mizizi iliyo wazi hukauka ndani ya saa chache.

Ukija karakana, leta tupime lita moja ya maji kwenye chupa safi uliyoisuuza mara tatu kwa maji yaleyale. Ya kisima, washa pampu yamwagike dakika kadhaa kwanza. Ukiweza, leta tena wakati wa kiangazi, maana kisima hichohicho kinaweza kutoa maji tofauti.