Binamu, jina lile ulilolifuta

Binamu,

Nimeona umeniweka kwenye kamati ya harusi ya binti yako. Hukunipigia, hata salamu hukunitumia. Nimefungua simu asubuhi nikakuta jina langu limekaa chini ya mweka hazina, na kiwango changu cha mchango tayari umeshakipanga. Mchango nitatuma, mtoto hana kosa. Lakini kukaa na wewe tukajadili ukumbi na rangi ya sare kana kwamba usiku ule wa Chicago haukuwahi kuwepo, hilo siliwezi. Na kwa kuwa simu zangu hupokei, nakuandikia hapahapa, wasome na wengine.

Mjomba, yaani Mzee wako, alituacha Februari 2016. Cubs, timu yake ya beisiboli kule Chicago, wakachukua ubingwa Novemba mwaka huohuo. Laiti angejikongoja mpaka hapo.

Unajua alivyoingia kwenye ushabiki ule, nani asiyejua. Yanga damu, mtoto wa Ngamiani, anafika Chicago anakuta mji umegawanyika, kaskazini Cubs, kusini White Sox, akaona Simba na Yanga hii hapa, nimefika nyumbani. Chumba chake cha kwanza kilikuwa kaskazini, basi akawa Cubs, timu ambayo mara ya mwisho kushika ubingwa ilikuwa 1908. Alikuwa akisema angepata chumba upande wa pili angepumzika mapema, maana wale wa kusini walichukua lao 2005.

Na redio ile ya kwenye teksi! Pat Hughes anatangaza, Ron Santo pembeni yake anaguna. Santo aliwahi kuichezea timu hiyohiyo, na machungu hakujua kuyaficha. Septemba 1998, kule Milwaukee, Brant Brown wa Cubs alipoangusha mpira ambao hata mimi ningeudaka, Santo alipiga ukelele hewani, na Mjomba, abiria wakiwa nyuma, akapiga wake. Kisukari kilimkata Santo mguu mmoja 2001 na wa pili 2002, akaendelea kupanda kibandani kutangaza mpaka alipofariki 2010. Ndiyo maana daktari alipomwambia Mjomba kwamba mguu wa kushoto hauokoki, alijibu tu, "Mbona Santo alitangaza bila hata mmoja?" Jibu hilo hukulisikia wewe. Ulikuwa Houston. Nililisikia mimi, nimeshika fomu na koti lake.

Sisemi haya kujisifu. Tiketi ni ghali, kazi haikuruhusu, naelewa. Tena msiba ulipotokea ulisimama kiume. Ulichangisha, ukafuatilia vibali, ukamsindikiza hadi Tanga, ukashuka kaburini kumpokea. Mimi makaratasi yangu yalikuwa hayajakaa sawa. Ningetoka Marekani nisingerudi. Mazishi ya mtu aliyenilea niliyaona kwenye kipande cha video nilichotumiwa, na anayepiga video kidole chake kimefunika nusu ya picha. Udongo sikutia. Weka hilo moyoni unaposoma yanayofuata.

Ile Novemba 2 ulikuja mwenyewe, sikukuita. Ulisema umekuja kuangalia vitu vya Mzee, lakini begani ulikuwa na jezi ya buluu, nikafurahi. Tukaenda baa ile ya Mtaa wa Clark alikokuwa akikaa na soda yake. Unawakumbuka tuliokaa nao? Wale vijana wa Kimeksiko mafundi wa paa, lami bado iko kwenye viatu. Na yule bibi wa Kizungu aliyekuwa akiandika kila mpira kwa penseli kwenye daftari lenye vijumba vidogo, macho kwa televisheni, mkono unajiendea wenyewe. Fainali ilikuwa kwa wenyeji Cleveland, mchezo wa saba na wa mwisho, baada ya vijana wetu kutoka nyuma michezo mitatu kwa mmoja. Dexter Fowler wetu akafungua kwa kuuvusha mpira ukuta, pointi papo hapo. Tukaenda tano kwa moja. David Ross, mzee wa miaka 39 anayecheza mechi yake ya mwisho, naye akauvusha wake. Sita kwa tatu, raundi ya nane, wamebaki wachache wa kutolewa, na baa nzima imeshaanza kukumbatiana.

Kisha Aroldis Chapman, mrushaji wetu, akachoka. Angeachaje kuchoka? Kocha Joe Maddon alikuwa amemtumikisha jana yake mechi ikiwa imeshaamuliwa, na hilo Maddon sijamsamehe hata na kombe lake. Cleveland wakapata moja, kisha Rajai Davis wao akaupiga, ukapita juu ya ukuta wa kushoto, mbili zaidi. Sita kwa sita. Watu wazima walishika vichwa. Yule bibi hakunyanyua penseli. Aliandika kijumba chake vizuri, kwa utulivu, akahamia kingine. Na wewe ukaniinamia sikioni ukasema, "Bora Mzee hakuona."

Sikukujibu. Nilikumbuka 2003, walipobaki wapinzani watano tu wa kutolewa ili Cubs wafike fainali, shabiki mmoja akanyoosha mkono kwenye mpira na mji mzima ukamgeukia. Mjomba peke yake alikuwa upande wake. Alisema nani asiyenyoosha mkono mpira ukimjia? Mtu wa namna ile angetaka kuona, binamu. Angekaa mpaka mwisho, wangefungwa, angelipia soda yake akaenda kuwasha teksi.

Mvua ikanyesha, turubai likatandazwa uwanjani, dakika 17. Huko ndani Jason Heyward aliwakusanya wenzake kwenye chumba cha mazoezi akawasemesha. Hayo tulikuja kuyasikia baadaye. Baa ilikuwa inasali kwa lugha zote. Mchezo uliporudi, Ben Zobrist akaupitisha mpira kwenye mstari wa kushoto, Albert Almora akakimbia hadi kituo cha nyumbani, saba kwa sita, na wewe ukaninyanyua juu, mimi na kilo zangu zote, hadi fundi mmoja akatushika tusianguke. Hakuna siku nimekupenda kama dakika ile. Miguel Montero akaongeza la nane, Cleveland wakarudisha moja, roho zikapanda tena. Kisha ule mpira mdogo kwa Kris Bryant. Aliuokota anateleza, na anacheka kabla hata hajaurusha! Anthony Rizzo akaudaka, mchezo ukaisha, akautia mfuko wa nyuma wa suruali. Chicago ilikuwa saa 5:47 usiku.

Nikampigia mama. Tanga kumekucha, yuko na chai. Simu ya saa ile kutoka Marekani ilimtisha: "Nani amefariki?" Nikamwambia hakuna mama, timu ya kaka yako imechukua ubingwa. Akanyamaza, nikasikia analia, akasema, "Sasa si ukamwambie."

Nikamwambie wapi, binamu? Kaburi liko Tanga huko. Nilijua pahali pamoja tu. Wiki ile watu walikuwa wakiandika kwa chaki kwenye matofali ya nje ya Wrigley Field, uwanja wa Cubs, upande wa Waveland na Sheffield, majina ya baba zao na bibi zao waliokufa wakingoja. Tukasukumana na umati hadi pale. Mtoto mmoja akanipa kipande cha chaki ya buluu. Nikaandika jina lake lote, na la babu, na chini yake TANGA kwa herufi kubwa.

Nikageuka kutafuta simu nipige picha. Nikirudi, mkono wako wa koti uko ukutani, unafuta kwa kiganja na kiwiko kama mtu anayesafisha meza ya mgahawa. "Mzee ana kaburi lake. Si wa kuandikwa ukutani pamoja na walevi." Yule jamaa aliyejipaka buluu usoni akakuuliza unafuta jina la nani. Ukamjibu: la baba yangu. Akafunga mdomo, angesema nini? Neno hilo mbele ya watu linamaliza kesi. Mwana ni mwana, na mpwa aliyefunga vidonda akae pembeni.

Chaki ingeondoka na mvua tu. Ungengoja.

Mama anasema niache, wewe ulikuwa na uchungu. Nami sikuwa nao? Uchungu wako uliwekewa maturubai na viti vya kukodi, ukapokewa na watu mia. Wangu ulikuwa na tofali moja.

Sasa ushauri, maana mimi bado ni kaka yako kwa umri. Siku ya harusi utasimama kusema neno, na najua utamtaja Mzee. Usirudie yale ya msibani, eti "mfanyabiashara nchini Marekani." Sema alikuwa dereva wa teksi. Binti yako amesoma kwa teksi ile, na wewe pia, na mimi nikapata pa kulala kwa teksi ile. Ukiona haya, nipe maiki niseme mimi. Kwa sababu nani mwingine anajua? Nani alikuwa akimwekea redio kitandani Oktoba ya 2015, Mets wa New York wakiwafagia Cubs michezo minne bila, naye Mzee akaniambia vijana hawa wadogo, waache wakue, mwakani watachukua? Alisema mwakani. Aliniambia mimi. Ningekaaje kimya mwakani ilipofika?

Jambo la mwisho ni kofia yake, ile ya buluu yenye jasho ukingoni. Ulisafiri nayo pamoja na jeneza ukaigawa. Mama amemwona nayo kijana wa bodaboda hapo Ngamiani, anaivaa kinyumenyume. Kijana hana hatia, alipewa. Nimemtumia mama hela amnunulie mpya nzuri, abadilishane naye ile aiweke kabatini mwake mpaka nitakapoweza kusafiri. Usiingilie.