Mdogo wangu, acha kumjibu daktari "sijambo"

Mdogo wangu,

Leo sikuulizi hujambo, maana najua utanijibu sijambo, kama ulivyomjibu daktari juzi mimi nimekaa hapo pembeni nakusikiliza, na asubuhi ile ile nilikukuta umekaa kitandani soksi moja iko mguuni nyingine umeishika mkononi unaiangalia tu. Nikakuuliza umekaa hivyo tangu saa ngapi, ukasema hata sijui. Halafu kwa daktari ati "naendelea vizuri." Vizuri gani sasa?

Sikusemi vibaya, mi mwenyewe nilifanya hivyo hivyo. Dozi zangu za kemo, zile dawa za saratani, zilikuwa 6, kila baada ya siku 21, na mpaka ya 4 kila aliyeniuliza namjibu sijambo, nikijua kemo ndo ilivyo, unavumilia tu. Mpaka siku nesi mmoja, wala hakuwa wa zamu yangu, akanikuta nimeegemea ukuta katikati ya korido nahema, akaniuliza kuanzia 0 mpaka 10 umechoka kiasi gani, nikasema 8 nikaanza kulia pale pale. Kupimwa, damu imeshuka. Nikaongezwa, na sio kwamba uchovu uliisha, hapana, ila nikaweza kuoga nimesimama, maana wiki mbili nzima nilikuwa naoga nimekaa kwenye kistuli na hakuna niliyemwambia.

Ndo maana nakusumbua. Uchovu wa kazi ukilala unaamka umeisha, huu unalala masaa 10 unaamka kama ulikuwa unabeba zege usiku kucha. (Watu wanapenda kuufananisha na simu iliyoisha chaji, mi huo mfano siupendi kabisa, simu ukiichaji si inajaa?) Na mara nyingi kuna kitu nyuma yake kinachotibika: damu kupungua, maumivu yanayokunyima usingizi, kutapika mpaka maji yanaisha mwilini, tezi ya shingoni kutofanya kazi sawasawa, hata sonona. Zile dawa za steroidi za kuzuia kutapika nazo zinaweza kukukesha, uliza kama unaweza kuzimeza asubuhi. Sasa daktari atajuaje kama wewe kila siku hujambo?

Chukua daftari, kila jioni andika namba tu, 0 mpaka 10, basi. Mimi siku za kwanza baada ya dripu nilikuwa sina mwili kabisa, wiki ya tatu naanza kuwa mtu, nikaona bora kila kitu cha maana nikisogeze wiki ya tatu. Ukija kuanza mionzi utaona tofauti, ule uchovu unajikusanya polepole, wiki za mwisho ndo unakulemea, na siku ukimaliza usitegemee utaisha siku hiyo hiyo.

Halafu kutembea. Najua hapa utanitukana. Ila muulize daktari, akikuruhusu tembea hata dakika 5, mpaka getini na kurudi, maana mazoezi mepesi ni kati ya vitu vichache vilivyochunguzwa sana vikaonekana kweli vinapunguza uchovu huu. Mchana lala nusu saa uweke na alamu, ukilala mpaka jioni usiku utahesabu mabati.

Vitu viwili tu sio vya kuandika kwenye daftari: homa ikifika 38, au pumzi inakukatika na umekaa tu. Hapo piga hospitali saa hiyo hiyo, hata iwe saa nane usiku, halafu ndo unipigie mimi.

Na wanaosema umekuwa mvivu niachie mimi, nina muda nao.

Alhamisi nakuja mapema. Soksi nitakuvalisha mwenyewe, viatu nitakufunga, daftari nitabeba. Wewe kazi yako ni moja, daktari akikuuliza unaendeleaje msomee namba ya jana jioni, hata kama ni 9.

Dada yako