Barua kwa Leokadia: jioni ya Kezilahabi, Walibora na Ngũgĩ

Tanga, 4 Agosti 2025

Mpendwa Leokadia,

Salamu nyingi kutoka huku Tanga. Barua yako imefika, na nimefurahi kusikia kikundi chenu hapo Mwanza kimekubali kuwakumbuka waandishi waliotutoka badala ya kurudia vitabu vya kutafuta utajiri. Umeuliza msome nini, na wasomaji wafanyweje waseme ukweli bila kuonekana wanamsengenya marehemu. Nianze na hilo la pili, maana ndilo linaloharibu vikao vingi.

Kwetu mtu akifa hasemwi vibaya. Msibani ni adabu, ila ikiingia kwenye kikao cha vitabu haibaki nafasi ya kusoma. Kila anayesimama atasema tumempoteza nguli na pengo lake halitazibika, watu watapiga makofi na kunywa chai, kisha wataondoka bila yeyote kufungua kitabu. Kwa hiyo tenganisha. Robo saa ya kwanza iwe ya rambirambi: jina, tarehe, sala au dua, basi. Halafu wewe mwenyekiti utamke wazi kwamba msiba umekwisha, sasa tunasoma. Kuanzia hapo anayesifu ataje ukurasa na anayelaumu ataje ukurasa. Asiye na ukurasa asikilize wenzake. Sharti hilo dogo litamnyamazisha hata yule bwana wenu anayesoma wasifu kutoka kwenye simu.

Watatu wanatosha kwa saa 2 na nusu. Baada ya ile robo saa mpe Kezilahabi dakika 50, Walibora 40, Ngũgĩ 30, na dakika 15 za mwisho ziwe za chai na ubishi wa mlangoni, ambao mara nyingi ndio mtamu zaidi.

Euphrase Kezilahabi namweka mbele, na si kwa sababu tu ni wa kwenu ziwani, aliyezaliwa Namagondo, Ukerewe, mwaka 1944. Alifariki 9 Januari 2020. Ni yeye anayegawa wasomaji kuliko wote, na anawagawa mara mbili: kwa mashairi, kisha kwa riwaya zake za mwisho.

Anzeni na Rosa Mistika ya 1971, kwa kuwa wengi wataikumbuka kwa sifa yake kabla ya maandishi yake. Ilizuiwa kutumika shuleni kwa muda, na hadi leo kuna mzazi atakayekuja na shingo ngumu kusema ni kitabu cha uchafu. Usibishane naye kwa maneno ya jumla. Mpe sura za mwanzo asome Zakaria anavyomlinda bintiye Rosa kwa kipigo, kisha amfuate binti huyo hadi shuleni Mwanza na chuoni Morogoro, ambako hana tena wa kumchunga wala hajawahi kufundishwa kujichunga. Mwandishi hamsifii Rosa chochote. Anaonyesha malezi ya woga yanazaa nini, na anaonyesha kwa hesabu kali kiasi kwamba msomaji anaweza kutabiri kila hatua. Hapo ndipo lawama ya haki ilipo: kitabu kimejengwa kama shitaka, na Rosa mara nyingine ni kielelezo cha mahakamani kuliko msichana. Ukitaka kikao kichemke, fungueni mwisho wake, pale baba na binti wanapokutana baada ya kifo na kila mmoja kumtupia mwenzake lawama mbele ya Mungu. Wapo watakaosema sura hiyo haikuhitajika, kwamba kitabu kilikuwa kimekwisha Rosa alipojiua. Mimi naona bila hiyo riwaya ingebaki onyo kwa wasichana tu. Sura ile inamrudisha Zakaria kizimbani.

Kichwamaji ya 1974 ndiyo riwaya yake bora kwa kipimo changu, na sababu ni ya kiufundi: anayesimulia ni Kazimoto mwenyewe. Katika Rosa Mistika msimulizi yuko juu ya wote, anajua na anahukumu. Kazimoto ni msomi wa chuo kikuu anayerudi kijijini akiwa hawezi tena kuongea na wazee wake, na hasira yake kwa Manase aliyemharibu dada yake inampofusha asiuone ubovu wake mwenyewe. Msomaji anaona asichokiona msimulizi. Kosa la kawaida kwenye vikao ni kudhani kila asemacho Kazimoto ndicho anachoamini Kezilahabi, kisha mwandishi anaitwa mkana Mungu na mjadala unageuka wa dini. Likitokea, waambie watafute sehemu tatu ambapo matendo ya Kazimoto yanayapinga maneno yake. Hazitawapotezea muda.

Dunia Uwanja wa Fujo na Gamba la Nyoka zipitieni haraka. Zote mbili zimefungamana na Azimio la Arusha na vijiji vya ujamaa, na msomaji kijana asiyejua Operesheni Vijiji, ile ya kuhamishia watu kwenye vijiji hivyo, atazisoma kama taarifa. Gamba la Nyoka ina kejeli nzuri juu ya wasomi wanaokwenda kuwafundisha wanakijiji ujamaa, lakini inachelewa kuchangamka.

Sasa zile riwaya zake za mwisho, Nagona na Mzingile. Hapa jiandae, kwa sababu nusu ya chumba watasema hawakuelewa, na robo watajifanya wameelewa. Vyote viwili ni vyembamba, hakuna kinachofika kurasa 100, na ndio mtego wenyewe: watu wanavibeba jioni moja wakidhani ni hadithi fupi. Ukivisoma kwa kutafuta nani kafanya nini, vinakuvunjikia mkononi. Mahali hapana jina, wakati unakunja kona, na katika Nagona utawakuta Plato na Marx kana kwamba ni majirani. Namna inayofaa ni kuisoma Nagona kwa sauti, sura moja kwa mkao mmoja, kama usikilizavyo ngano ambayo hujaelezwa maana yake. Katika Mzingile mshike mzee Kakulu, usimwachie, maana ndiye uzi. Anayelalamika kwamba Kezilahabi aliwaacha wasomaji wa kawaida aliokuwa nao tangu 1971 ana hoja ya kweli, na usimruhusu mtu ampuuze kwa kusema "hujasoma falsafa". Ninavyoona, Nagona inalipa jasho lako. Mzingile inalipa nusu, kwa kuwa inarudia mengi ya mwenzake.

Kuhusu mashairi, chukua Kichomi, nayo ya 1974. Vijana wenu huenda hawajui kwamba kitabu hiki kilizua ugomvi mkubwa. Mashairi ya jadi yana beti za mishororo minne, kila mshororo mizani 16, nane kwa nane, vina vya kati na vya mwisho. Kezilahabi aliviacha vyote, akaandika kwa mwendo wa mazungumzo. Wenye jadi wakasema hayo si mashairi. Washairi M. M. Mulokozi na K. K. Kahigi wakasimama upande wa mabadiliko, na kitabu chao cha 1979, Kunga za Ushairi na Diwani Yetu, kikawa silaha ya kambi hiyo. Ukitaka ugomvi huo uonekane badala ya kusimuliwa, toeni nakala ya shairi moja fupi, "Mgomba" linafaa, mpeni mtu aliyezoea kughani. Aliimbe kama anavyoghani tarbia, yaani shairi la jadi la mishororo minne. Sauti yake itatafuta kina pale katikati ya mshororo, isikikute, na shairi litasikika kama limekatika mguu. Halafu mtu mwingine alisome kama anayemweleza jirani jambo zito, akitua kila mstari unapokwisha. Mtasikia watu waliodai shairi hilo halina muziki wakinyamaza. Si wote. Kuna sikio lililolelewa na vina ambalo halitashiba kwa Kichomi, na hilo si ujinga.

Ken Walibora alifariki 10 Aprili 2020 Nairobi, miezi mitatu baada ya Kezilahabi. Kifo chake kilikuwa cha kugongwa na gari, na familia ilimtafuta siku kadhaa kabla ya kumpata mochwari. Sema sentensi moja na uendelee, maana watu wakianza uchunguzi wa kifo hicho dakika 40 zitakwisha na Siku Njema haijafunguliwa.

Hiyo Siku Njema ya 1996 ndiyo iliyompa jina. Kongowea Mswahili anazaliwa huku kwetu Tanga, mama yake Zainabu Makame akiwa mwimbaji wa taarabu, na anavuka kwenda Kenya kumtafuta baba hadi Kitale. Wasifiaji watataja Kiswahili chake, na ni haki yao. Kilikuwa Kiswahili cha mtu wa bara ya Kenya aliyekishika hadi kwenye mzizi. Wapinzani watasema methali zimejaa mno, na kwamba kuelekea mwisho mambo yanamnyookea shujaa kupita kiasi. Wote wawili wako sahihi, na ukurasa uleule unaweza kutumiwa na pande zote mbili.

Kidagaa Kimemwozea ina tatizo jingine, nalo limetoka shuleni. Ilitahiniwa Kenya kuanzia 2013 hadi 2017 katika karatasi ya tatu ya Kiswahili ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, ambako mtahiniwa alijibu maswali manne, kila swali alama 20. Kizazi kizima kimeisoma kwa kuwinda dondoo. Kama mna wanachama waliosoma ng'ambo ya mpaka watakuja na maudhui yamepangwa kama soksi kwenye droo: uongozi mbaya, elimu, nafasi ya mwanamke. Wengine watakuwa wameusoma mwongozo peke yake. Utawajua haraka: wanajua sifa tano za Mtemi Nasaba Bora lakini hawakumbuki tukio hata moja ambamo anacheka. Kataza neno "maudhui" kwa dakika 20 za kwanza, uone.

Lawama kubwa ya kitabu ni majina. Amani, Imani, Majisifu, Nasaba Bora: unamjua mtu kabla hajafungua mdomo, na mwandishi anajikuta hana kazi ya kumjenga. Atatokea wa kumtetea kwamba Shaaban Robert alifanya hivyo Kusadikika, na utetezi huo una uzito, kwa kuwa hii ni tashtiti, yaani kejeli ya kuisuta jamii, na tashtiti hupenda majina yanayosema. Lakini Kusadikika ni kitabu kifupi. Riwaya ndefu inachosha wabaya wakibaki wabaya vilevile. Mahali Walibora anapofaulu kabisa ni kwa Mwalimu Majisifu, anayejenga umaarufu juu ya mswada aliouiba kwa Amani. Hapo pana mwizi unayeweza kumhurumia, mtu anayejua kipaji si chake na bado anahitaji kusifiwa. Chagueni sehemu yake ndiyo isomwe.

Ukiniuliza kimoja cha Walibora cha kubaki nacho, ni Kufa Kuzikana ya 2003. Urafiki wa Akida na Tim, watu wa makabila mawili yanayochinjana, uliandikwa miaka minne kabla ya machafuko ya uchaguzi wa Kenya. Lugha imetulia, methali zimepungua, hakuna anayehubiri kwa muda mrefu. Kinasahaulika kwa kuwa hakikupata mvumo wa vile vingine viwili.

Ngũgĩ wa Thiong'o ndiye msiba mbichi, 28 Mei 2025, Marekani, akiwa na miaka 87. Kwenu wengi wamemsoma kwa Kiingereza, kwa hiyo watajieni za Kiswahili: Njia Panda, ambayo ndiyo The River Between, na Shetani Msalabani iliyotoka 1982 kutoka ile riwaya ya Kigĩkũyũ aliyoiandika gerezani Kamĩtĩ kwenye karatasi za chooni. Ukipata nakala chakavu sokoni, hesabu kurasa kabla ya kulipa.

Mgawanyiko juu yake ni wa zamani. Wapo wanaompenda Ngũgĩ wa miaka ya 60, wa mashaka na usaliti wa kimyakimya, na wapo wa Ngũgĩ wa baada ya 1977, wa mapambano. Petals of Blood ndiyo mpaka wenyewe. Upelelezi wa vifo vya wale wenye kiwanda cha bia unakuvuta vizuri, kisha anaingia yule wakili na hotuba zake na hadithi inasimama kumpisha. Anayesema hotuba ndizo moyo wa kitabu muulize kama anaweza kuikumbuka mojawapo kama anavyomkumbuka mhusika wake Wanja. Na mkichagua A Grain of Wheat hakikisheni nyote mna toleo moja, kwa sababu Ngũgĩ aliirekebisha ile ya 1967 na toleo jipya likatoka 1986. La sivyo mtagombania sentensi ambazo nusu yenu hawana.

Kuhusu nakala: kwa watu 12 tafuteni nakala 4 za Kichwamaji, kila nakala watu 3, siku 9 kila mmoja, na mwenye kuchelewesha alipie chai. Kufa Kuzikana agizeni mapema kwa anayesafiri Nairobi, mkikosa someni sura mbili za Kidagaa. Cha Ngũgĩ, kila mmoja alete alichonacho.

Nisalimie mama na wale wa Nansio. Niandikie nani aliitetea Mzingile.

Nduguyo,
Mwanahawa