Wifi yangu, kabla hujaongeza kidonge, tafuta saa

Wifi yangu mpendwa,

Ulipopiga simu Jumapili ulisema maneno ambayo nimeshayasikia kwa akina mama wengi: "Dawa imegoma. Mwili umeshaizoea." Kisha ukaniuliza kama kuna ubaya ukimpa kidonge kimoja na nusu badala ya kimoja, maana kliniki mmepangiwa mwezi ujao na mwalimu analalamika kila siku. Nimekuomba ruhusa nikujibu hapa hadharani, bila jina lako wala la mtoto, kwa sababu wapo wazazi wengi wa watoto wenye ADHD, yaani hali ya kushindwa kutulia na kukaza akili, wanaobaki na swali hilohilo usiku na hawana wifi wa kumpigia.

Usiongeze, wifi. Hata robo. Na usimwachishe pia kwa hasira za mwezi mmoja. Mpigie daktari wiki hii hii, usingoje tarehe ya kadi. Lakini ukimpigia na kumwambia tu "dawa haifanyi kazi", naye hatakuwa na cha kushika. Kuna jambo unaloweza kumpa ambalo yeye hawezi kuliona akiwa kliniki, nalo ni saa. Dawa inashindwa saa ngapi?

Nakuuliza hivyo kwa sababu ya jinsi dawa yenyewe inavyofanya kazi. Methilifenidati, ambayo wengi tunaiita Ritalin hata ikiwa ya kampuni nyingine, haijengeki mwilini siku hadi siku kama dawa za kifafa. Inaingia asubuhi na kutoka siku hiyohiyo. Kidonge cha kawaida huanza kazi baada ya kama nusu saa, hushika kwa saa tatu au nne, kisha kwisha. Sasa tupige hesabu ya mtoto wetu. Basi la shule linampitia kabla hakujapambazuka, kwa hiyo unampa kidonge saa kumi na moja na nusu alfajiri. Kikikaa sana, saa tatu na nusu kimeisha. Masomo yanaanza saa mbili. Sehemu kubwa ya dawa imeliwa na foleni ya Morogoro Road, mtoto akiwa amesinzia kwenye kiti, na mwalimu ameambulia saa moja na nusu tu. Halafu mwalimu huyohuyo anaambiwa mtoto ametumia dawa. Lazima aone haifai.

Mwaka jana haikuwa hivyo, ndiyo sababu nilikuomba picha za visanduku. Nimeviangalia kwa makini. Kile cha zamani kimeandikwa LA, yaani dawa ya muda mrefu, na namba 20. Hiki kipya hakina LA, na namba ni 10. Zile za zamani zilikuwa kapsuli zenye punje ndani: nusu ya punje hutoa dawa papo hapo, nusu nyingine hutoa baada ya kama saa nne. Kapsuli moja ya miligramu 20 inafanya kazi ya vidonge viwili vya 10 vilivyoachana kwa hizo saa nne. Mlipokosa kapsuli mkapewa kidonge cha kawaida, dozi ya kwanza ikabaki, ya pili ikapotea njiani. Inawezekana daktari aliandika mara mbili kwa siku na maelezo hayakufika vizuri dirishani. Inawezekana pia alitaka kuanza taratibu. Muulize, na umtumie picha zote mbili. Mimi si daktari, lakini hapo ndipo ningeanzia kabla ya kusema mwili umezoea.

Na hii ya kisanduku kubadilika itatupata tena, kwa hiyo tuizoee kuiangalia. Dawa hii iko chini ya udhibiti wa mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1971 kuhusu dawa zinazogusa akili, na hadi mwaka 2021 ilikuwa haijaingia kwenye orodha ya Shirika la Afya Duniani ya dawa muhimu. Maombi ya kuiingiza yalikataliwa mwaka 2019 na tena 2021. Ndiyo maana huikuti kila duka, na ndiyo maana sisi wazazi tunachukua kilichopo. Hata kampuni ikibadilika, mwambie daktari. Novemba 2014 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitangaza kwamba aina mbili za dawa zilizokuwa zikiuzwa kama sawa na Concerta, ambayo ni methilifenidati ya kidonge cha muda mrefu, huenda hazifanyi kazi sawasawa nayo. Mzazi aliyeona tofauti hakuwa akiota.

Kuna jambo jingine nilitaka kukuuliza kwa sauti ya chini, lakini acha niliseme hapa lisaidie na wengine: bado unamsagia dawa kwenye uji? Kidonge cha kawaida muulize mfamasia wako, mara nyingi hakina shida. Ila vidonge vya muda mrefu kama Concerta havisagwi, havipasuliwi wala havitafunwi, maana dawa ya siku nzima itatoka kwa mkupuo, na hiyo ni hatari. Kapsuli ya LA inaweza kufunguliwa na punje zikanyunyizwa juu ya kijiko cha chakula laini kilichopoa, mradi azimeze bila kuzitafuna.

Sasa daftari. Najua jioni umechoka, lakini sikuombi insha. Huu hapa ukurasa mmoja wa daftari la mwanangu wakati ule tulipokuwa tunahangaika kama wewe:

"Dawa 12:45 asb. Uji nusu kikombe. Mwl: saa 5 ameanza kuzurura darasani, kabla ya hapo salama. Chakula cha mchana kimerudi kama kilivyokwenda. Saa 10 analia, penseli imevunjika. Saa 11 amekula sahani mbili. Saa 3 usk bado macho. Anakoroma."

Daktari wetu aliusoma huo ukurasa mara mbili, akauliza maswali matatu ya maana, ambayo asingeweza kuyauliza kwa kusikia "anasumbua". Kilio cha saa kumi, kwa mfano. Dawa inaposhuka, watoto wengine huwa wakali au wepesi wa kulia kuliko hata wasipotumia dawa kabisa, kisha baada ya muda hutulia. Ongeza na njaa juu yake, maana dawa inakata hamu ya kula na hotpoti inarudi nyumbani imejaa. Ukiongeza dozi ya asubuhi kwa ajili ya kilio cha jioni, umetibu saa isiyo na ugonjwa. Chakula cha nguvu akishuka tu kwenye basi kinaweza kusaidia kuliko unavyodhani, na daktari anaweza kufikiria dozi ndogo ya mchana.

Angalia na kinyume chake. Mtoto akiwa kimya kupita kiasi, ameganda, anachuna vidole, anatokwa na machozi saa mbili asubuhi wakati dawa ndiyo iko juu kabisa, hiyo yaweza kuwa dozi iliyozidi, na kwa macho ya mwalimu inafanana sana na dozi iliyoshindwa. Hapo ndipo kujiongezea kunapoumiza watoto.

Usingizi nao, wifi, nauogopa kuliko kidonge. Mtoto wa miaka sita anahitaji kulala saa tisa hadi kumi na mbili. Akiamshwa saa kumi na nusu alfajiri, ili apate hizo tisa tu inabidi awe amelala saa moja na nusu usiku, saa ambayo kwenu baba yake hajafika na televisheni ndiyo kwanza imewashwa. Mtoto mwenye usingizi hasinzii kama sisi, anarukaruka. Hakuna miligramu zinazolipa deni hilo. Na kama anakoroma kila usiku na kupumulia mdomo, aangaliwe mafindofindo na nyama za nyuma ya pua. Koo lililobanwa usiku huzaa darasani tabia zilezile tunazozitibu. Mwombe daktari apime na damu, maana upungufu wa madini ya chuma na minyoo vimejaa kwetu, halafu macho na masikio kama hamjawahi kuyapima.

Darasa la Kwanza lenyewe sitalisemea sana. Chekechea walikuwa wachache na wakiimba. Sasa anakaa na wenzake wengi na ananakili ubaoni. Kazi imekuwa kubwa, na pengine dawa ni ileile. Mwombe mwalimu amkalishe mbele na ampe kazi kwa vipande.

Umeona kwamba tangu Januari vimebadilika vitu vitatu kwa pamoja: kisanduku, basi, na darasa. Kwa hiyo daktari akibadili kitu, kibadilike kimoja, tukione, ndipo kingine. Akiamua kupandisha dozi atapanda kidogo kidogo, kwa kawaida miligramu 5 hadi 10 kwa wiki, na kwa siku nzima hazizidi 60. Usilinganishe na mtoto wa jirani. Wawili wenye kilo sawa wanaweza kutofautiana kabisa. Anaweza kusogeza saa ya kumeza, ampe mwalimu au nesi wa shule dozi ya kwanza, au arudi kwenye kapsuli zikipatikana. Zipo pia dawa za aina nyingine: atomoksetini, ambayo inahitaji wiki kadhaa kabla hujaona kitu, na klonidini, ambayo ukiikata ghafla presha inaweza kupanda. Kila mara apimwe uzito, urefu, presha na mapigo ya moyo. Akizimia, akilalamika kifua, moyo ukimwenda mbio au akiona visivyokuwepo, usiandike kwenye daftari, mpeleke hospitali.

Sikukazanii daftari kwa mapenzi yangu ya kuandika. Mwaka 1999 huko Marekani yalitoka matokeo ya utafiti mkubwa wa watoto 579 wa miaka saba hadi tisa. Kundi moja lilitafutiwa dozi kwa taarifa za wazazi na walimu, kisha likaonwa na daktari kila mwezi. Kundi jingine liliendelea na matibabu ya kawaida mitaani, na karibu theluthi mbili ya hao nao walitumia dawa. Waliofuatiliwa kwa karibu walifanya vizuri zaidi. Dawa nyingi zilikuwa za aina ileile, vilivyotofautiana ni dozi na macho yaliyokuwa juu ya mtoto.

Kwa msomaji mwenye mtoto wa miaka minne au mitano: chama cha madaktari wa watoto cha Marekani, katika mwongozo wake wa 2019, kinataka mzazi afundishwe kwanza njia za kumwongoza mtoto, ndipo dawa ifikiriwe. Wadogo hao hupata madhara zaidi, na ikiwagomea hamna haraka ya kuongeza.

Kuhusu mama na maneno yake kwamba mnamlevya mjukuu wake, niachie mimi. Nitamweleza nikija, na nitamwambia mbele ya mdogo wangu ili naye aache kukunyamazia kila mama anapoanza. Huo mzigo haukuwa wako peke yako tangu mwanzo.

Kesho mwulize mwalimu swali moja tu: anaanza kuhangaika kabla ya chai ya saa nne au baada yake? Akikujibu nitumie, tuandike pamoja ujumbe mfupi wa daktari, na zile picha mbili za visanduku ziwe juu kabisa.

Wifi yako,
Arusha